Gari la Kiti Kimoja

Kitongoji chetu, upande wa Heru Juu, kilikuwa na magari matatu. La kwanza ni pikapu ya mnunuzi wa maharage. La pili ni la mwenye duka la mabati na misumari, ambaye familia yake ilitoka pwani zamani na mpaka leo watu humwita Mswahili. La tatu lilikuwa la Bwana Afya. Mawili ya kwanza yalikwenda Kasulu mjini, Manyovu mpakani, mara nyingine hadi Kakonko. La tatu halikuwahi kwenda popote. Kila Jumamosi asubuhi liliwashwa, likazunguka shamba la mwenyewe mpaka mwenyewe akaridhika, kisha likarudishwa bandani na kufunikwa turubai.

Nimeanza na gari kwa sababu kwetu kila mtu akimtaja Bwana Afya huanza na gari. Sipendi hivyo. Alikuwa na mambo mengi kabla ya gari, na mengine ni mazuri kuliko gari. Lakini nikianza na hayo mazuri nitakuwa namtetea, na nimewahi kumtetea mbele za watu, nikaona jinsi inavyosaidia.

Alikuwa ofisa wa afya. Alianzia kazi Kibondo, akahamishiwa Kakonko, akamalizia Kasulu, na mahali pote hapo kazi yake ilikuwa ile ile: kukagua vyoo, visima, mabucha na migahawa. Nilipoingia sekondari alikuwa ameshastaafu, lakini hakuna aliyeacha kumwita Bwana Afya, na yeye mwenyewe hakuacha kukagua. Akija kwenu hakubisha hodi kwanza. Alizunguka nyuma ya nyumba, ukasikia mlango wa choo ukifunguliwa na kufungwa, ndipo akatokea mbele akisalimu kwa Kiha, "Mwakeye?" Ikiwa choo ni safi alikaa akanywa chai. Ikiwa si safi alisimama, akasalimia vizuri tu, akauliza habari za watoto, akaondoka. Mama yangu aliwahi kunirukia asubuhi na fagio, "Amka! Nimemwona Bwana Afya kwenye njia, na wewe unalala!" Nilikuwa likizo ya chuo. Nilifagia choo nikiwaza juu ya uhuru wa mtu binafsi.

Hakuwa na upendeleo. Alipokuwa kazini alifunga mgahawa wa rafiki yake aliyesimama naye kwenye harusi yake, kwa sababu ya ndoo moja ya maji ya kunawia iliyokuwa na utelezi ndani. Rafiki alikuja nyumbani kwake kulalamika. Bwana Afya alimkaribisha, akamlisha, akampa ndoo mpya aondoke nayo. Mgahawa haukufunguliwa mpaka siku aliyokuwa ameitaja.

Kelele alizichukia. Baa ya njia panda ilipoleta spika kubwa, yeye ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kusema kwamba masikio nayo ni afya. Spika zikaondolewa. Sasa mtu huyu huyu alikuwa na gari ambalo ekzosi yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na mbwa wakakimbilia chini ya vitanda. Nilimwuliza. Akasema, "Baa inapiga kelele siku zote. Mimi Jumamosi tu, na naacha kabla ya saa nne. Pima mwenyewe, msomi."

Aliniita msomi tangu niliporudi kutoka chuoni na shahada ya sosholojia na bila kazi. Hakulisema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyomwita jirani kwa ugonjwa wake.

Gari lilikuja kabla sijarudi, wakati wa kiangazi. Lilikuwa la mtu mmoja wa Bujumbura aliyekuwa akishindana nalo kwenye mbio za magari, akachoka au akachokwa, likavuka Manyovu mgongoni mwa lori likiwa limefungwa turubai. Waliolishusha walidhani ni jenereta. Lilikuwa gari dogo la Kijapani lililonyang'anywa kila kitu: hakuna zulia, hakuna redio, hakuna viti vya nyuma, hata kiti cha abiria wa mbele hakuna. Ndani lilizungushiwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa, ili likibiringika lisimponde dereva. Kiti kilikuwa kimoja, chembamba, cha kukumbatia mbavu, na mikanda ya kuvuka mabega yote mawili. Halikuwa na namba. Tumbo lake lilikaa chini mno, kiasi kwamba kuku mzima hakuweza kupita chini yake.

Mkewe alidhani litauzwa. Badala yake mume alichukua jembe, baadaye akaita vibarua, akang'oa mihogo iliyokuwa upande wa mteremko na kuchonga njia ya kuzunguka shamba lote, akaimwagia changarawe na kuishindilia. Kona za njia hiyo alizipa majina ya magonjwa. Kulikuwa na Surua, kona nyepesi ambayo kila mtoto anaipita. Kulikuwa na Kichocho, karibu na bwawa. Ile ya chini, kali, iliyojikunja kuelekea mikaratusi, iliitwa Kipindupindu. "Pale ukichelewa kidogo tu," alisema, "umekwisha."

Nililoliona la ajabu ni utaratibu wake. Nilitegemea mzee aliyechanganyikiwa, nikakuta mtu anayefanya kazi. Ijumaa alikagua tairi na mafuta ya breki. Jumamosi alinawa mikono, akavaa ovaroli jekundu na helmeti, akazunguka polepole mpaka injini ipate moto, kisha ndipo alipokimbiza. Akimaliza alizunguka tena polepole ili breki zipoe. Alisema watu wengi wanaonunua magari ya namna hiyo huyaacha bandani wakisubiri siku ya maana, na panya hula nyaya. "Gari hili halina kazi nyingine," alisema. "Nisipolizungusha, nimenunua banda la panya."

Alitembea kwa miguu kwenda mjini. Bodaboda hakupanda, aliziogopa. Petroli ya gari ndiyo iliyopanda bodaboda, ikafungwa nyuma ya dereva kwenye dumu, na yeye akaifuata kwa miguu. Vijana wa kijiwe hawakuacha kumchokoza.

"Bwana Afya! Gari limeharibika?"

"Ni zima kabisa. Ndiyo maana natembea."

"Jumamosi ulifika wapi?"

"Nyumbani."

"Na ulitokea wapi?"

"Nyumbani."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye naye alicheka kidogo, akanyoosha kola ya shati, akaendelea.

Nami nilikuwa nakwenda kukaa juu ya jiwe karibu na Surua, kila Jumamosi, nikijiambia kwamba nachunguza. Naona aibu kusema kwamba nilipenda. Nilipenda jinsi gari lilivyoteleza kwa mkia likatoka kwenye kona likiwa limenyooka. Baada ya pale tulibishana. Nilimwambia kwamba kitongoji ambacho mjamzito anabebwa kwa mabega mpaka barabarani hakina haki ya kuwa na gari la kucheza. Nilitegemea ajitetee, maana mtu akijitetea nina la kusema.

"Ni kweli," akasema. "Ni anasa. Nani kakataa?"

"Sasa kwa nini?"

Alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo. "Miaka yangu yote nimekuwa na manufaa, msomi. Nikiingia mahali, watu wanaficha ndoo. Asubuhi moja katika wiki sitaki kumfaa mtu yeyote."

Nikamchukia kidogo kwa hilo.

Sasa niseme juu ya ingobyi, kwa sababu aibu yote imekaa hapo. Njia ya kutoka kitongojini kwenda barabara kubwa hupanda na kushuka juu ya mawe, na mvua zikianza hukatwa na mifereji. Wakati huo pikapu haiingii. Bodaboda inapita, lakini mgonjwa asiyeweza kukaa hawezi kupakiwa kwenye bodaboda. Kwa hiyo tunabeba. Ingobyi ni machela ya miti miwili na kitanda cha kusuka katikati, wanaume wanne chini yake, wanne wengine wakifuata kupokezana. Kila nyumba yenye mwanaume ina zamu ya bega. Ukiwa na mgonjwa unatoka uani, unapiga yowe, na wenye zamu wanakuja bila kuuliza ni nani. Asiyebeba habebewi. Ila mwenye gari ameondolewa kwenye zamu za bega. Yeye anatoa gari, linasubiri barabarani au linaingia mpaka linapoweza kufika. Kwa mpango huo mnunuzi wa maharage na Mswahili hawakubeba.

Gari la Bwana Afya liliposhushwa kutoka kwenye lori, mwenyekiti alifurahi, akamtoa kwenye zamu za bega siku ile ile na kumweka upande wa wenye magari. Watu walipiga makofi. Tumepata la tatu. Naye hakusema kitu.

Yote haya yalitokea nikiwa chuoni. Niliyajua siku mkwe wa jirani yetu aliposhikwa na uchungu.

Ilikuwa Jumamosi, mvua za kwanza. Pikapu ilikuwa Kasulu, na gari la Mswahili lilikuwa gereji. Bwana Afya alikuwa kwenye njia yake akizunguka, na kila mtu alimsikia. Wanaume wanne walikuja mbio wakikatiza shambani, mbele yao mama mkwe wa yule mzazi, mwanamke mrefu anayeuza mihogo iliyokaushwa sokoni na asiyeogopa mtu. Alisimama katikati ya njia, gari likasimama mbele ya magoti yake.

"Bwana Afya, tunaomba gari. Mtoto amekaa vibaya."

Alivua helmeti. Nilikuwa juu ya jiwe langu, nikamwona uso. Alifungua mlango. Wote wakainama kutazama ndani. Hawakuwahi kulitazama ndani, kwa kuwa siku zote lilikuwa ama linakimbia ama limefunikwa.

"Atakaa wapi?" mmoja akauliza.

"Atakaa kwenye hicho kiti," akasema mwingine. "Wewe Bwana Afya utaendesha..." Hakuweza kumalizia.

"Na chini linagusa," Bwana Afya akasema. "Halifiki hata kwenye mfereji wa kwanza."

"Nimeliona linapita kwenye tope mbio," akasema mama mkwe.

"Tope langu, mama. Nimelisawazisha mwenyewe."

Mama mkwe aliendelea kutazama yale mabomba na kile kiti. "Kwa hiyo tangu siku ile tuliyokupigia makofi," akasema, "tulikuwa na magari mawili."

Walikwenda kuchukua ingobyi. Bwana Afya alivua glavu, akaacha mlango wa gari wazi, akawafuata. Aliingia chini ya mti wa mbele akiwa na ovaroli lake jekundu, akabeba mpaka barabarani bila kukubali kupokewa. Kwenye njia watu walitoka kutazama. Mmoja alisema kwa sauti, "Leo petroli imekwisha?" Hakuna aliyecheka. Barabarani walipata gari lililokuwa likipita. Mzazi akafika hospitali, mtoto akatoka mzima. Huyo mtoto sasa anatambaa.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikuwa wamebanwa kwenye madawati ya watoto, na Bwana Afya, mrefu, magoti yakiwa juu karibu na kidevu. Mwenyekiti alimwuliza kwa nini hakusema.

"Niliona aibu," akajibu. "Mlipiga makofi. Nikaona nitawaambiaje kwamba nimenunua gari, kwa umri wangu, na haliwezi kubeba mtu?"

"Sasa mgongo wako ulipumzika wakati sisi tunabeba."

"Ndiyo."

Nikasimama. Nilisema kwamba kosa ni la utaratibu, kwamba hakuna aliyekagua gari kabla ya kumpangia, na kwamba hata mwenye trekta angeweza kuwekwa kundi lisilomfaa. Nilisema vizuri. Kijana mmoja nyuma akasema, "Msomi kaanza," na darasa likacheka, na mama mkwe akanigeukia, "Mwanangu, kaa. Hatubishani juu ya trekta." Nilikaa. Nilikuwa sahihi, na uso uliniwaka mpaka mwisho wa kikao.

Mwenyekiti alitaka arudishwe kwenye zamu za bega, yaishe. Mama mkwe alikataa. "Asirudishwe. Anapenda gari lake, abaki nalo." Walinyoosha mikono. Mikono ilikuwa mingi upande wake. Bwana Afya alitolewa kwenye ingobyi, yeye na nyumba yake.

"Ni haki," akasema, akajitoa kwenye dawati kwa shida.

Tulidhani atauza gari. Jumamosi iliyofuata tuliisikia ekzosi. Mama yangu alisimama na mwiko mkononi, akasema, "Huyu mtu hana aibu." Lakini mimi nilikuwa nimemwona darasani, nikajua anayo. Nililoshindwa kulielewa ni jinsi vitu hivyo viwili vilivyokaa kwa mtu mmoja, aibu na Jumamosi. Sikwenda tena kwenye jiwe. Nilimwogopa kama mtu anavyoogopa kukutana na anayemdai, ijapokuwa hakuna aliyemdai mwenzake.

Alipunguza kutembelea watu. Vyoo vyetu vikaanza kuchafuka. Nasema hivi bila utani.

Ndipo mkewe alipoanguka. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kila Jumamosi alimpokea mumewe kwa swali, "Umeniletea nini kutoka safarini?" Aliteleza jikoni asubuhi ya mvua, akavunjika paja. Nilisikia kilio chake kutoka kwetu, nikasubiri yowe la mumewe lifuate. Halikufuata. Nilisubiri tena. Nikakimbia.

Nilimkuta Bwana Afya ameleta toroli la kubebea udongo. Alikuwa ameliosha. Ndani ametandika godoro lililokunjwa, na alikuwa amepiga magoti akijaribu kumwinua mkewe peke yake, na mkewe akipiga kelele kila alipomgusa.

"Bwana Afya, piga yowe!"

"Nilipige kwa nani?"

"Kwa watu!"

"Tumetolewa, msomi. Ulikuwepo."

"Mzee, mwache binti apige," mkewe akasema huku amebana meno. "Aibu yako haiwezi kunifikisha hospitali."

Nikatoka uani nikapiga yowe. Sikuwahi kupiga maishani. Sauti ilitoka mbaya, nyembamba, nikadhani hakuna atakayesikia. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipiga tena.

Wa kwanza kufika alikuwa mume wa yule mzazi, ameshika mti mmoja wa ingobyi begani. Wakafuata wengine, wengi kuliko zamu. Mama mkwe alikuja na blanketi kichwani, akaingia moja kwa moja jikoni, akampangusa mgonjwa tope usoni na kumwambia, "Uzito wote huu, dada, ungechagua siku ya jua." Mkewe alicheka na kulia pamoja. Hakuna aliyetaja kikao. Hakuna aliyetazama bandani.

Walipomwinua, Bwana Afya alikwenda kuingia chini ya mti wa mbele. Mama mkwe akamshika mkono wa shati.

"Wewe toka. Mwenye mgonjwa habebi."

Ndivyo ilivyo kwetu, mwenye mgonjwa hutembea nyuma, hushika vitu vyake. Walimfanyia kama wanavyomfanyia mtu yeyote. Alisimama mikono ikining'inia. Kisha akaokota kandambili za mkewe jikoni, akazisuuza kwenye maji ya mvua, akatufuata nazo. Njia nzima hakuinua uso. Nilitembea kando yake nikitafuta la kumwambia, na yote niliyoyapata yalikuwa maneno ya darasani.

Mkewe alipona, sasa anatembea na gongo. Bwana Afya amerudishwa kwenye zamu, ingawa sijui ni nani aliyesema arudishwe. Hakuna kikao kilichoitwa.

Juzi nilikutana naye Kasulu, nje ya duka la vipuri. Mimi nilikuwa njiani kurudi Kibondo, ambako nimepata kazi ya muda ya kuhoji watu. Amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza choo cha nyumba niliyopanga kikoje. Kisha akasema, "Wewe unauliza kila kitu. Mbona hujaniuliza kama nimeliuza?"

"Umeliuza?"

"Hapana." Alikuwa ameshika kifurushi, pedi za breki. Alikisogeza nyuma ya mgongo, kama vile sijakiona. "Nilijaribu kuacha. Jumamosi mbili. Mke wangu akasema nimekuwa kero ndani ya nyumba, niende nikazunguke."

"Na watu?"

Bodaboda zilikuwa zinapita, akangoja zipite.

"Jumamosi iliyopita walikuwa wanapita na mtu kwenye ingobyi, njia ya juu. Haikuwa zamu yangu. Niliwaona, na wao wakaniona ninavyozunguka. Nikasema sasa watanitukana, na itakuwa nafuu. Walinipungia mkono, msomi. Na mzigo begani."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Ningefanya nini?" akasema. "Nilikuwa kwenye kona. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani."